Mrija wa kichwa maji unaziba, unabadilishwa, unaziba tena: altrasaundi inaweza kuuzuia usizibe?

#1 FundiVifaaTiba

Wakuu, habari za jioni. Mniwie radhi, uzi utakuwa mrefu.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kazi yangu ya kila siku ni mashine za hospitali: sakshoni, monita, otoklevu, na mashine za altrasaundi. Dada yangu ana mtoto wa miaka sita aliyezaliwa na mgongo wazi. Alishonwa mgongo akiwa na wiki moja, na alipofikisha miezi miwili kichwa kikaanza kukua kwa kasi, utosi ukatuna, macho yakawa yanaangalia chini muda wote. Akawekewa shanti, ule mrija unaotoa maji ndani ya ubongo, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hadi tumboni ambako mwili unayanyonya. Tangu hapo amerudi thieta mara tatu. Mara zote tatu mrija ulikuwa umeziba, na mara zote tatu uliziba upande wa kichwani.

Mara ya mwisho niliomba niuone mrija uliotolewa, na daktari akaniruhusu. Ulikuwa kwenye bakuli la chuma, kipande kifupi cha silikoni laini, unene wake milimita mbili na nusu, mkubwa kidogo tu kuliko njiti ya kiberiti. Kuelekea ncha kuna vitundu vidogo vilivyopangwa kwa safu. Nikaunyanyua kwenye mwanga. Vitundu vya ncha kabisa vilikuwa safi, mwanga unapita. Vile vya nyuma, vilivyo karibu na njia ya kutokea, vilijaa nyama laini ya rangi ya waridi iliyofifia, imeingia ndani na kujisokota kama mizizi ya mti ndani ya bomba la maji taka. Daktari aliuvuta uzi mmoja wa nyama hiyo kwa koleo na haukukatika.

Kwa nini vitundu vya nyuma? Waliopiga hesabu za mtiririko walishaeleza. Mwenye shamba la umwagiliaji wa matone anajua: tundu lililo karibu na pampu linatoa maji mengi, la mwisho linadondosha tu. Mrija wa kichwani ni vivyo hivyo, ila wenyewe unapokea badala ya kutoa. Zaidi ya nusu ya maji huingilia vitundu vichache vilivyo karibu na njia ya kutokea, vile vya ncha vinakaa karibu bure. Mkondo ukiwa na nguvu pale, unavuta na vilivyo jirani. Na jirani mkubwa ni koroidi pleksasi, kishada cha mishipa midogo kinachoelea ndani ya ventrikali, yaani vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, ambacho ndicho kinachotengeneza hayo maji yenyewe. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, wakati nafasi yote ya maji hayo kichwani na mgongoni ni kama mililita 150. Kwa hiyo maji yote hubadilika mara tatu hivi kila siku. Mrija ukiziba, hayana pa kwenda.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 344 uliolinganisha aina tatu za valvu za shanti, yaani kile kidude cha chini ya ngozi kinachodhibiti maji yanayopita mrijani, ukiongozwa na James Drake wa Toronto, Kanada. Valvu mpya zilizosifiwa sana hazikuishinda ile ya kawaida. Ndani ya mwaka wa kwanza karibu asilimia 40 ya shanti zilifeli, na kuziba ndiko kulikoongoza kwa mbali: kwa muda wote waliofuatiliwa, asilimia 31 ya watoto wote, huku maambukizi yakiwa asilimia 8.

Miaka minane baadaye, Drake huyohuyo na Howard Ginsberg na wenzao wakachapisha kazi nyingine, ya kuzibua mrija kwa altrasaundi. Waya mwembamba unapitishwa ndani ya mrija ulioziba, unatetemeshwa kwa kasi ambayo sikio halisikii, na viputo vinavyozaliwa na kupasuka kwenye ncha yake vinaisaga nyama iliyojaa vitunduni. Nimeisoma kazi ile mara nyingi kuliko kitabu chochote cha chuo.

Nawaheshimu sana. Lakini naona swali letu liko hatua moja nyuma. Kuzibua maana yake mtoto ameshaumwa kichwa, ameshatapika, ameshapelekwa kwa bingwa mwenye vifaa. Kinachotufaa sisi ni kitu kitakachozuia nyama isishike tangu mwanzo: mtetemo mdogo, wa dakika chache, unaorudiwa siku hadi siku, kama mtu anavyopiga mswaki ili jino lisifike kung'olewa.

Naomba tujadili. Inawezekana? Na ikiwezekana, ije kwa umbo gani ili imfae mtoto wa Songea ambaye bingwa wa ubongo yuko mwendo wa siku nzima kwa basi?

#2 MamaWaWawili

Kaka, nimesoma nikalia. Wa kwangu ana miaka miwili na nusu, ameshabadilishiwa mara mbili. Sikuwahi kuambiwa kinachoziba ni nini. Niliambiwa tu "imeblock".

Nina swali na naomba unijibu haraka. Kuna mtu huku kwetu ana mashine ya altrasaundi ya mazoezi ya viungo, ile ya kupaka jeli na kuzungusha mgongoni kwa wagonjwa wa kiuno. Kaniambia akimpitishia mtoto kichwani juu ya valvu mara mbili kwa wiki, mrija hautaziba. Anataka elfu thelathini kila mara. Nimeshalipa mara moja, bado hajaanza. Ni kitu kama hicho unachokisema?

#3 FundiVifaaTiba

Dada, hapana. Tafadhali usimpeleke. Nakuandikia kwa urefu ili hata akikubishia uwe na la kumjibu.

Mashine ile hutumia megahezi 1 hadi 3, yaani mitetemo milioni 1 hadi 3 kwa sekunde, na kazi yake kubwa ni kupasha joto misuli. Ukiiweka juu ya fuvu, mfupa ndio unaokunywa sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na mfupa ukinywa sauti unapata joto. Silikoni ya valvu nayo inanyonya mawimbi na kupata joto. Ngozi iliyo juu ya valvu ya mtoto ni nyembamba na ina kovu. Ikiungua na kuchubuka, wadudu wanaingia hadi kwenye mrija, na mrija ukiambukizwa lazima utolewe wote. Na vile vitundu vinavyoziba haviko chini ya valvu, viko sentimita kadhaa ndani ya ubongo. Mtu huyo hajui hata anapolenga ni wapi.

Sasa niseme kwa nini jambo lenyewe ni gumu, maana hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Sauti husafiri ndani ya maji na nyama laini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde. Chukua mtetemo wa kilohezi 30, unaokaribia ule wa mashine ya kusafishia meno: wimbi moja lina urefu wa sentimita 5. Huwezi kulenga mrija wa milimita mbili na nusu kwa wimbi la sentimita 5. Ukitetemesha, unatetemesha kichwa kizima. Panda hadi megahezi 1, wimbi linakuwa milimita 1.5, sasa unaweza kulenga, lakini fuvu linalikata na kulitawanya kabla halijafika. Ukishuka unakosa shabaha, ukipanda unagonga ukuta.

Wapo waliovuka ukuta huo. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha mashine ya altrasaundi inayotibu ugonjwa wa kutetemeka mikono kwa kuunguza kidoa kidogo ndani ya ubongo bila kupasua kichwa. Wanatumia kofia yenye vitoa sauti 1,024, kila kimoja kinapangiwa wakati wake kwa kufuata picha ya CT ya fuvu la mgonjwa huyo, maji baridi yanazungushwa juu ya ngozi, na mgonjwa amelala ndani ya MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku kali, ili joto lipimwe muda wote. Hivyo ndivyo inavyohitajika ili sauti ifike mahali pamoja ndani ya kichwa cha mtu kwa usalama. Jeli na kichwa kimoja cha mashine mikononi mwa mtu wa mtaani, hapana.

Na altrasaundi ya picha anayopigwa mtoto utosini hospitalini, hiyo isikutie hofu. Inatuma midundo mifupi mno na nguvu ndogo, inapiga picha tu, haisafishi chochote. Hela yako mdai akurudishie.

#4 Dk_wa_Zamu

Niko mafunzoni, upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Namuunga mkono mtoa mada kwa alichomjibu dada. Mama, sikiliza hilo.

Mkuu FundiVifaa, umeeleza vizuri ila niongeze na nikurekebishe kidogo.

Kwanza, si kila kinachoziba ni koroidi pleksasi. Mrija ukiingia tu, protini za kwenye maji zinaganda juu ya silikoni kama utando. Juu ya utando huo zinatua seli za ulinzi, kisha astrosaiti, seli za ubongo zenye umbo la nyota ambazo kazi yake mojawapo ni kutengeneza kovu. Maabara ya Carolyn Harris, Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, imefanya kazi kubwa sana kwa kuchunguza mirija iliyotolewa kwa wagonjwa, na wanazionyesha seli hizo wazi. Ile nyama uliyoiona kwenye bakuli mara nyingi ni sura ya mwisho ya jambo lililoanza kimyakimya. Kwa hiyo hoja yako ya kuzuia mapema ina msingi.

Lakini astrosaiti ukizichokoza, zinachachamaa. Mtetemo wa kila siku unaweza kuzibandua, na unaweza pia kuziamsha zijenge kovu zaidi. Nguvu kiasi gani, dakika ngapi, mara ngapi kwa siku: hapo ndipo dawa inapotofautiana na sumu.

Pili, hatari ya kuvuja damu. Koroidi pleksasi ni mishipa mitupu. Tunapobadilisha mrija uliokwama, tukivuta ukagoma, tunasimama. Tukilazimisha, kishada kinachanika na damu inajaa ventrikali. Nimeliona hilo mara moja tu na sijalisahau. Sasa fikiria viputo vinavyosaga nyama hiyo mahali ambapo macho yako hayafiki.

Tatu, vipande vinavyobanduka vinakwenda wapi? Vinafuata maji. Mbele kuna valvu yenye njia nyembamba kuliko mrija wenyewe. Unaweza kuzibua juu ukaziba chini.

Niseme pia jambo moja la kutia moyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliochapishwa 2019, wenye wagonjwa 1,605, ulionyesha kwamba mirija iliyolowekwa dawa za antibayotiki ilishusha maambukizi kutoka asilimia 6 hadi 2. Ni ushindi wa kweli. Lakini bado robo ya wagonjwa wote walirudishwa kufanyiwa marekebisho. Maambukizi tunayapunguza, kuziba kunabaki palepale. Ndiyo maana nimefurahi kuona uzi huu.

#5 Waya_na_Sumaku

Mimi ni mtu wa umeme, si wa hospitali, kwa hiyo nauliza kama mjinga. Kama sauti ya nje inagongwa na fuvu, kwa nini chanzo kisiwekwe ndani? Kipande kidogo cha piezo, kitu kinachotetemeka kikipewa umeme, kama kile cha kengele ya saa ya mkononi, kinafungwa kwenye mrija wenyewe. Umeme unapitishwa kwenye ngozi kwa koili mbili, kama simu zinazochajiwa bila waya. Hakuna betri, hakuna waya unaotokeza nje. Mama anaweka koili nyuma ya sikio dakika tano jioni, basi.

#6 FundiVifaaTiba

Mkuu, hilo si swali la mjinga hata kidogo, na mimi mawazo yangu yako hukohuko. Umeme kupita ngozini kwa koili ni jambo lililokwishathibitishwa: vifaa vya kusikia vinavyopandikizwa sikioni kwa viziwi vinafanya hivyo kila siku, miaka mingi sasa.

Ugumu ni silikoni. Shika mpira wa drip, uutetemeshe upande mmoja, halafu uguse upande wa pili. Mtetemo haufiki. Chuma kinabeba mtetemo, ndiyo maana watu wa Toronto walitumia waya, lakini silikoni inaumeza. Kwa hiyo piezo ikikaa kwenye valvu nje ya fuvu, mtetemo utakufa njiani kabla ya kufika vitunduni. Ikikaa vitunduni kabisa, umepeleka umeme, gundi na seramiki ndani ya ubongo, na piezo nyingi zenye nguvu zina risasi ndani yake, namaanisha madini ya risasi. Inabidi ifunikwe kwa namna ambayo haitapasuka miaka kumi.

Njia ya tatu ni kutetemesha maji yenyewe yaliyomo ndani ya mrija, yabebe msukumo hadi vitunduni. Nimejaribu mezani kwangu kwa mrija wa kawaida, maji na unga laini wa kahawa. Nilitumia kitetemeshi cha nebulaiza mbovu, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta. Unga uliokuwa umetua vitunduni ulitawanyika ndani ya sekunde chache kwa kitundu kilicho karibu, kwa kile cha mbali haukucheza. Lakini unga haujashika kama seli inavyoshika, kwa hiyo jaribio langu linaonyesha mkondo unafika wapi, basi, zaidi ya hapo sitaki kulipa uzito lisilokuwa nao.

Na kuna binamu wa wazo lako. Hyowon Lee, mhandisi, alianzia UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, na sasa yuko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Yeye na wenzake wametengeneza vijimabawa vidogo sana vya sumaku vinavyokaa kwenye vitundu vya mrija. Ukileta uga wa sumaku kutoka nje, vinapiga na kufagia tundu. Sumaku haijali fuvu, inapita kama fuvu halipo. Ndiyo nguvu ya wazo lake. Swali linaloniumiza ni MRI, maana watoto wetu wanahitaji MRI, na kitu chenye sumaku ndani ya kichwa lazima kithibitishwe kwamba hakitavutwa wala kupata joto humo.

#7 Muuguzi_wa_Usiku

Nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Mimi ni muuguzi wodi ya watoto, hospitali ya mkoa, sitaitaja.

Mnazungumza mawimbi na sumaku, nami naomba mnisikilize habari ya saa sita usiku. Mwaka juzi mama mmoja alimleta mtoto wa miaka minne mwenye shanti. Ametapika tangu asubuhi, anasinzia. Kituo walikotoka alipimwa malaria, kipimo hakikuonyesha kitu, wakampa dawa ya malaria hivyohivyo na kumrudisha nyumbani. Siku ya pili wakamrudisha, wakapewa dawa ya tumbo. Mama anasema, "Nesi, huyu mtoto simwelewi, nikimwita anafungua jicho analifumba." Nilimpeleka kidole kwenye valvu kama nilivyoona wengine wakifanya, ikabonyea ikarudi. Nikafarijika. Nilikosea. Daktari alipofika alisema valvu kubonyea na kurudi hakukuhakikishii chochote. CT ilionyesha ventrikali zimejaa. Tukatafuta gari. Mtoto alifika kwa bingwa saa kumi na moja alfajiri na alifanyiwa upasuaji, akapona, ila jicho moja halikurudi sawasawa.

Kwa hiyo mkitengeneza hicho kifaa chenu, siku moja, naomba kiseme pia kama maji yanapita au hayapiti. Kusafisha tu hakutoshi. Mimi saa sita usiku sina CT. Nina tochi, kipimajoto, na mama anayeniambia mwanawe hamwelewi. Siku hizi nikiambiwa mtoto ana shanti na anatapika, naanza na shanti. Malaria napima pia, lakini sisubiri majibu yake ndipo nipige simu.

#8 MamaWaWawili

Dada muuguzi, Mungu akubariki. Na mimi wa kwangu mara ya kwanza alitibiwa malaria siku tatu.

Yule mtu nimemwambia sitaki tena. Hela hajarudisha lakini nimeachana naye.

#9 Msafiri_wa_Busia

Salamu kutoka upande wa Kenya. Mimi mtoto wangu tulimvusha mpaka tukampeleka Mbale, Uganda, hospitali ya watoto ya CURE. Hakuwekewa mrija. Walipitisha kamera ndogo, wakatoboa tundu ndani ili maji yapate njia mpya, na wakaichoma hiyo nyama mnayoizungumzia. Ana miaka saba, yuko shule, hajarudi thieta. Nauliza madaktari: kwa nini watoto wote wasifanyiwe hivyo, haya ya kuzibua mirija tukayaacha?

#10 Dk_wa_Zamu

Ndugu, swali lako ndilo hasa Mbale walilolijibu kwa vitendo. Benjamin Warf, Mmarekani aliyekwenda kufanya kazi pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliona jambo ambalo wazazi wote humu wanalijua: mtoto wa kijijini mwenye shanti, ikiziba, anaweza kufia njiani. Ndipo akaunganisha kutoboa sakafu ya ventrikali ya tatu kwa kamera na kuichoma koroidi pleksasi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watoto wachanga 100 waliogawanywa Mbale kwa bahati nasibu, nusu njia hiyo, nusu shanti. Baada ya miezi 12 maendeleo yao ya akili hayakutofautiana.

Ila si kila mtoto anafaa. Waliopata maambukizi makali ya ubongo wakiwa wachanga, na kwa ukanda wetu ni wengi mno, mara nyingi njia za ndani zina makovu, tundu linajifunga au maji hayanyonywi. Na kwa mtoto ambaye tundu limefeli, kinachobaki ni shanti. Tutakuwa na shanti kwa miaka mingi ijayo.

Warf huyohuyo alilinganisha valvu ya Kihindi ya Chhabra, iliyogharimu dola 35 hivi, na ya Codman ya zaidi ya dola 600. Kwa watoto wa Uganda, mwaka mmoja baadaye, hakukuwa na tofauti. FundiVifaa, liweke hilo kwenye hesabu zako. Kifaa kitakachofanya mrija wa dola 35 uwe wa dola 1,000 hakitamfikia mtoto wa Songea uliyemtaja, hata kikifanya kazi vizuri namna gani.

#11 FundiVifaaTiba

Daktari, nimelala nalo hilo. Dola 35. Nimebadilisha mawazo yangu kwa sehemu, na nayaandika hapa.

Nilikuwa nafikiria piezo ndani ya kila mrija. Sasa naona kwa watoto wetu gharama ikae nje: kitu kimoja cha hospitali ya wilaya, au cha kliniki, kinachotumika kwa watoto hamsini, na ndani ya kichwa kibaki mrija rahisi wenye kitu kimoja tu kisicho na umeme, kinachotikisika kikiguswa na wimbi sahihi. Kipande cha chuma kisichovutwa na sumaku, titani kwa mfano, chembamba, kimepangwa kwenye safu za vitundu vinavyoziba kwanza. Kila kitu kigumu kina mtetemo wake kinachoupenda, kama kengele. Ukikipigia wimbi la kasi hiyohiyo, kinaitika kwa nguvu ndogo, huku ubongo ulio pembeni ukipata kidogo sana. Kwa njia hiyo hulazimiki kulenga kwa wimbi la milimita, kipokezi ndicho kinachojichagua. Na kwa mtoto mchanga kuna mlango ambao mtu mzima hana: utosi bado uko wazi hadi karibu mwaka mmoja na nusu, na miezi hiyo ya mwanzo ndiyo shanti nyingi hufeli.

Kisha ombi la dada muuguzi. Kama kipande kile kinaitika, basi mlio wake ndani ya mrija mtupu na ndani ya mrija uliojaa nyama hautafanana. Fundi wa matenki anagonga tenki kwa kidole anajua maji yameishia wapi. Kifaa hichohicho kinachotikisa kinaweza kusikiliza. Nisingelifikiria hili bila habari ya ile saa sita usiku.

Kuhusu kuthibitisha, nimepiga hesabu. Kama asilimia 40 wanafeli mwaka wa kwanza na unatarajia kushusha hadi 30, unahitaji karibu watoto 350 kila upande ili usidanganywe na bahati. Kabla ya hapo, maabara, kisha wanyama, kisha watoto wachache chini ya uangalizi mkali. Ni kazi ya miaka. Lakini idadi hiyo ya watoto, kwa masikitiko, ukanda wetu unayo. Kinachonichoma ni kwamba vifaa hivi vinabuniwa na kujaribiwa mbali, kwa watoto ambao bingwa wao yuko dakika ishirini kutoka nyumbani, na sisi tunavipokea mwishoni kama msaada. Mbale walionyesha kwamba swali linaweza kuulizwa hapa na kujibiwa hapa.

#12 Waya_na_Sumaku

Hilo la kengele linapimika. Nina jenereta ya mawimbi na osiloskopu ya zamani, niko Morogoro. Titani sina, ila nina bati jembamba la chuma cha pua. Tuanze na chupa ya maji na mfupa wa ng'ombe ulioloweshwa katikati. Nitakuandikia faragha.

#13 Dk_wa_Zamu

Anzeni na joto. Pima joto la maji karibu na kipande kila dakika, kabla ya kufurahia mtikisiko wowote. Ubongo wa mtoto hauna nafasi ya nyuzi joto mbili tatu za ziada.

Na kwa wazazi wote humu: mtoto akirudishwa thieta, ombeni mwandikiwe kwenye karatasi ya kutoka aina ya valvu, presha yake, upande, tarehe, na palipoziba ni wapi, kichwani, kwenye valvu au tumboni. Pigeni picha karatasi hiyo, itumeni kwa baba, shangazi, mjomba. Usiku wa dharura, daktari asiyemjua mtoto wako ataokoa muda mwingi.

#14 MamaWaWawili

Nimepekua begi lote la kliniki nikaipata, ilikuwa ndani ya kadi ya chanjo. Imeandikwa Chhabra, presha ya kati, kulia. Mara ya pili imeandikwa "ncha ya juu, nyama". Miaka miwili nilikuwa nayo na sikujua inasema nini. Nimeipiga picha, nimemtumia baba yake na mama mkwe.